Kula Malindi, Kuoa Njoro

Kilichonitoa kitini

Ninyi wa kiwanda cha mbao, naandika haya ili mniache nipumue. Jumatatu nilisikia kwamba nimerogwa Malindi nikaozwa jini. Kufika Jumatano jini alikuwa ameshakuwa nguva, na Jairo wa msumeno mkubwa anaapa kwamba ameuona mkia. Nimechoka kumjibu kila mtu kipande chake. Safari yote ni hii hapa. Someni, kisha mnyamaze.

Mnanijua. Mimi Festo ni mtu wa kiti kimoja. Nilipomaliza sekondari wenzangu walikwenda Nairobi, wengine Kampala. Mimi nikachukua kazi ya ukarani hapa Elburgon kwa sababu kwa mama, Njoro, ni karibu, na Jumapili naweza kula kwake na kurudi bila kulala kitanda cha mtu. Hata nikienda Nakuru kununua viatu, nikirudi hujilaza siku nzima.

Sasa, Rebeka. Hilo nalo mnalijua, maana mmelicheka miaka miwili. Baba yake, Mzee Elisha, hakukataa posa yangu. Alikataa zamu yangu. Kwetu mdogo hampiti mkubwa wake. Kaka akiwa hajaoa, wewe unakaa nyuma yake kama gari nyuma ya trekta. Na kaka yangu Zablon, mpishi, alikwenda pwani na tajiri wake wa Njoro kwa likizo ya wiki tatu, miaka saba iliyopita, na tajiri akarudi peke yake. Mwaka wa kwanza barua zilikuja kutoka hoteli moja ya Malindi. Baadaye zikakoma.

"Aoe," Mzee Elisha aliniambia, "au aje hapa aseme kwa kinywa chake mwenyewe kwamba umpite. Barua sitaki. Barua hata mbuzi anaweza kuila."

Ningeendelea kungoja, kwa kuwa kungoja ni kazi ya kukaa na mimi naiweza. Lakini mwezi ule nikasikia kwamba kuna mwalimu mmoja wa Molo, mzaliwa wa kwanza kwao, asiye na trekta mbele yake, ameanza kumsalimu Mzee Elisha baada ya kanisa. Kwa mikono miwili. Basi nikainuka.

Elburgon hadi Mai Mahiu

Onyango, dereva wetu wa lori, alikuwa anapeleka mbao Nairobi akakubali nikae mbele. Tulipita Njoro, mama akasimama barabarani na kapu. Ndani yake alikuwamo kuku mzima wa kuokwa, amefungwa kitambaa cheupe cha kanisani.

"Mpe Zablon," akasema. "Na usimfungue njiani. Nakujua."

"Mama, ni mbali."

"Kwani kuku anatembea? Si amebebwa?"

Alirudi shambani kabla lori halijaondoka, na mimi niliyemzoea nilijua hataki nimwone akimlilia Zablon.

Wiki ile barabara zilikuwa na askari kila mahali, nasi tulisimamishwa mara nne kabla ya Naivasha. Kila mara mbao ziliguswa moja moja kama ng'ombe wa mnada. Kisha karibu na Mai Mahiu, pale chini ya mlima, rejeta ya Onyango ikatoa mvuke, ikalia kama mtoto, ikanyamaza. Akasema ni jambo la saa moja. Tuliingia Mai Mahiu saa tano asubuhi. Tulitoka kesho yake saa nane mchana.

Kulikuwa na kibanda cha mabati, na mama mmoja mnene mwenye kilemba cha manjano.

"Kuna chakula gani?" nikamuuliza.

"Maharagwe na mahindi."

"Na nini kingine?"

"Na subira."

Nilikula vyote viwili mara tatu. Chai yake ilinuka moshi, na sukari alitia mwenyewe, hakumwachia mteja kijiko. Jioni alinitazama nilivyokumbatia lile kapu akaniuliza kama nimebeba mtoto mchanga. Nikamweleza habari za kaka, Rebeka na mwalimu wa Molo. Akapangusa meza muda mrefu.

"Wewe unakwenda kumlazimisha mtu aoe?"

"Au aje aseme nimpite."

"Na kama hataki kuonekana?"

Swali hilo lilinikera, nikaagiza maharagwe ya mara ya nne ili nisilijibu.

Nairobi hadi Mombasa

Daraja la tatu la treni nalisimulia kwa ufupi kwa sababu mgongo wangu bado unalikumbuka. Benchi ni la mbao, na mimi mtu wa mbao nawaambia: fundi aliyeliranda alikuwa na hasira na watu. Nilikaa katikati ya mwanamke wa Voi, mkubwa, mcheshi, na mzee aliyelala tangu Nairobi kichwa chake kikiwa begani kwangu, kama tumeoana.

Kulipokucha joto likaanza. Nilikuwa nimevaa koti la sufu, maana kwetu mwezi ule ni baridi, na sikufikiri kwamba hewa yenyewe inaweza kubadilika. Joto lilipopanda, kuku wa mama naye akaanza kusema.

Yule mwanamke wa Voi alivuta pua, akanitazama, akatazama kapu.

"Mwanangu, humo ndani kuna nani?"

"Ni kuku wa kaka yangu."

"Kaka yako alikufa lini?"

Behewa zima likacheka, hata yule mzee aliyelala. Nikasema sitamtupa, ni wa mama. Wakaniambia kwa upole kwamba mama yuko mbali na wao wako karibu. Tulibishana stesheni mbili. Mwishowe nilimtupa dirishani mwenyewe, nikabaki na kitambaa. Mwanamke wa Voi alipokuwa anashuka alinipa ndizi tatu, akanipigapiga bega kama mfiwa.

Mombasa hadi Malindi

Nilikuwa nikidhani kwamba ukifika Mombasa umefika pwani, na ukifika pwani umefika. Kumbe Malindi ni safari nyingine nzima, na njiani kuna maji mara mbili.

Pale Mtwapa basi huingizwa juu ya pantoni, na watu huivuta kwa mnyororo, wakiimba, mmoja akipuliza kombe. Nimesikia watu wakisema wimbo wao ni mtamu. Ni mtamu kama hukuimbwa wewe. Waimbaji wale humtazama kila abiria wakamtungia papo hapo, nao walipofika kwangu, kiongozi akatoa:

"Mbara kavaa blanketi, jua halimjui!"

Na wenzake wakavuta mnyororo wakijibu, "Halimjui!"

"Kapu lake lanuka, kapu halina kitu!"

"Halina kitu!"

Abiria wote wakanigeukia. Nilivua koti. Wakaimba kwamba nimevua.

Kilifi tulingoja kivuko tangu saa sita hadi saa kumi. Hapo wanauza korosho zilizokaangwa kwenye vikaratasi vidogo. Nilikula karatasi saba. Hilo silijutii, na katika safari yote ndicho kitu cha kwanza nilichokula nikasahau kulalamika.

Malindi, siku mbili za kula

Zablon nilimkuta nyuma ya hoteli ya Wazungu iliyo ufukweni, anamenya viazi. Alikuwa amenenepa. Aliponiona, kisu kilimwanguka, akanikumbatia akacheka, akalia kidogo, akacheka tena. Kisha kabla sijatoa neno la pili akasema, "Umekula?"

Nataka mlishike neno hilo, maana ndilo lililonimaliza. Kila nilipofungua mdomo kusema habari ya nyumbani, kaka yangu aliujaza.

"Zablon, nimekuja kwa sababu..."

"Kwanza ule."

Chakula cha hoteli yake hakunipa. Alisema ni cha Wazungu, kimechemshwa mpaka kimesahau kilikuwa nini. Nyumbani kwake pia hatukwenda. Alisema inapakwa chokaa. Nililala chumba cha watumishi wa hoteli, nikapelekwa mjini kula kama ng'ombe anayepelekwa mtoni.

Jioni ya kwanza ilikuwa ni mishikaki. Karibu na soko kuna mzee mmoja mwenye jicho moja, ana benchi moja na jiko refu la makaa. Nyama anailaza usiku kucha kwenye tangawizi na papai bichi, kwa hiyo hutafuni, unaiambia tu ipite. Unapewa na mkate wa mofa na kikombe cha maji ya ukwaju. Nilikula vijiti kumi na viwili. Nilipomaliza, nikasema, "Zablon, kuna habari ya Mzee Elisha," naye akamwambia yule mzee, "Ongeza sita."

Asubuhi ya pili ilikuwa mkahawa wa Mwarabu mmoja Mshihiri, mtu wa maini ya kukaanga na chapati nene, ambaye hazungumzi na mteja mpaka amemaliza kunywa kahawa yake mwenyewe. Maini yake ni mazuri kuliko tabia yake. Zablon aliniambia watu wa Malindi humpenda kwa sababu hiyo hiyo: angekuwa mkarimu wangesema ana hila.

Mchana akanipeleka kwa mchoma pweza. Jamani, ninyi mmeona gogo la mwerezi lililong'olewa na mizizi yake yote? Basi mtu anakuletea hiyo mizizi kwenye karatasi, na ina vikombe vidogo vidogo. Niliomba dua ndefu ya kubariki chakula, ndefu kuliko chakula, nikitumaini kitaondoka. Mchoma pweza alimwuliza kaka yangu, "Sule, huyu anasoma au anakula?"

"Anakuita Sule?"

"Ni utani wa huku," Zablon akasema. "Kula, kinapoa."

Nilikula. Na kwa aibu nasema kwamba kilikuwa kitamu, na ndimu na pilipili, nikaomba tena.

Lakini jioni ilipofika nilikuwa nimechoka. Nimechoka kusafiri, nimechoka kushiba, na ujumbe wangu ulikuwa bado tumboni chini ya vyote hivyo. Kila mtu mjini niliyezungumza naye, mwenye mishikaki, mchoma pweza, hata yule Mshihiri, alinipa shauri moja: usiondoke Malindi bila kula mbaazi za Bi Zuhura. Nikamwambia Zablon twende.

Akatazama pembeni. "Hapo chakula si kizuri."

"Watu wote wanasema ni kizuri."

"Watu wa huku wamezoea. Mbaazi zake ni za maji maji. Usiende."

Malindi, siku ya tatu

Asubuhi Zablon alikuwa kazini, nikaenda.

Bi Zuhura anauza kwenye baraza ya nyumba yake, nyuma ya msikiti mdogo. Hakuna kibao. Kuna mkeka, sufuria mbili, na karai la mahamri yanayofura mafutani. Yeye mwenyewe ni mwembamba, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Wateja hukaa wanne wanne kwenye sinia moja. Mimi, mtu wa sahani yangu, nilinyosha mkono katikati ambako nazi imekusanyika, na mvuvi aliyekuwa mbele yangu akanishika kifundo taratibu.

"Ndugu, kila mtu na ufuko wake, ule wa mbele yake."

"Mwache," Bi Zuhura akasema. "Mbara huyo. Kwao wanakula kama wanalima."

Siwezi kuwaeleza zile mbaazi. Nazi ilikuwa nzito, ya tui la kwanza, na hamri lilikuwa na iliki na tupu ndani kama limetengenezwa kubebea kitu. Nilikula, wateja wakaondoka, nikabaki. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshiba kwa mara ya kwanza bila kuzibwa mdomo, ujumbe wote ukamwagika.

Kwetu, mtu akishindwa kumpatia ndugu yake mke, humtafuta mama mmoja mwenye jina zuri, anayejua nyumba za watu, akamwomba. Nikaona mama huyu nimempata. Nikaketi vizuri.

"Bi Zuhura, nina kaka hapa mjini. Hana mke. Nakuomba unisaidie kumtafutia."

Akacheka. "Ana kazi?"

"Mpishi, pale hoteli ya Wazungu."

"Wapishi pale wako wanne. Yupi?"

"Mrefu, mnene kidogo. Ana kovu la moto mkono wa kushoto, toka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Mpole sana. Ni mtu wa kuhurumiwa, miaka saba yuko peke yake, hata wa kumpikia hana."

Upawa ukasimama hewani.

"Hana wa kumpikia," akasema.

"Hana. Na mama yetu kule Njoro kila Jumapili anamlilia."

"Mama yenu?"

"Ndiyo."

"Yu hai?"

"Hai kabisa. Mwezi jana alimfukuza fisi kwa mwiko."

Bi Zuhura aliweka upawa chini. Akafuta mikono polepole kwenye leso yake, kidole kimoja kimoja. Nikadhani anafikiria binti wa nani anafaa.

"Mimi," akasema, "ni mke wa Suleiman, mpishi wa hoteli ya Wazungu, mwenye kovu mkono wa kushoto. Aliniambia ni yatima. Mwaka wa sita huu, kila mwaka nafunga biashara siku nzima, napika pilau, naita watu wasome, namfanyia hitima mama mkwe wangu. Kumbe namfanyia hitima mtu anayefukuza fisi!"

Mtu asiye na la kusema husema baya zaidi. Nikasema, "Ndiyo sababu alinikataza nisije hapa. Alisema chakula si kizuri."

Habari ya mama mkwe ilikuwa imemtia huzuni. Hii ilimsimamisha wima.

"Alisema mbaazi zangu si nzuri?"

"Alisema... za maji maji."

Akavaa buibui akaenda hotelini mwenyewe. Kufika adhuhuri sisi watatu tulikuwa kwenye mkeka ndani ya nyumba, ambayo haikuwa imepakwa chokaa wala haikuwa na haja. Mbele ya Zablon Bi Zuhura alikuwa ameweka bakuli la mbaazi kubwa kuliko kichwa chake.

"Kula," akamwambia. "Za maji maji hizo. Zitashuka upesi."

Naye akala, na katikati ya kula akasema. Alikuwa amemtaka Zuhura, akasilimu ili amwoe, na hakutubu hilo. Lakini baba yetu ni mzee wa kanisa, yeye ndiye anayefungua mlango na kupiga kengele, na kumwandikia kwamba mwanawe wa kwanza sasa ni Suleiman alishindwa. Mwaka wa kwanza wa ndoa alisema ataandika Krismasi. Mwaka wa pili ilikuwa ni lazima aeleze kwa nini hakuandika wa kwanza. "Kila mwaka barua ilizidi kuwa ndefu," akasema, "mpaka ikawa haiandikiki. Na huku nilikuwa nimeshasema wamekufa. Ningewafufua vipi?"

"Mimi nimekwisha kuwafufua," Bi Zuhura akasema. "Kesho tunapanda basi."

"Zuhura, hujui baba alivyo."

"Simjui, sikuambiwa kama yuko. Ndiyo maana nakwenda." Kisha akanigeukia. "Na wewe, shemeji. Hilo jambo lako la kuoa. Ukirudi peke yako na maneno tu, watakuamini?"

"Mzee Elisha haamini hata barua."

"Basi."

Zablon alitazama lile bakuli. "Kwanza tule," akasema kwa sauti ndogo, na mke wake akamcheka, ingawa macho yake hayakuwa makavu.

Kurudi

Kurudi ni njia ile ile, ila kuna mizigo. Bi Zuhura alifungasha nazi kumi na mbuzi ya kukunia, kwa sababu hakuamini kwamba kuna nchi isiyo na nazi. Nazi nilizibeba mimi. Mtwapa wale waimbaji walinikumbuka, wakaimba kwamba mbara alikuja na kapu anarudi na ukoo.

Tangu Voi Zablon aliacha kuzungumza. Tangu Nairobi aliacha kula, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Bi Zuhura alikuwa amejifunga leso tatu na koti langu la sufu, meno yanagongana, anauliza kama bado tunapanda.

Gilgil wakaingia basini wafanyakazi wa machimbo ya Kariandusi, wamepakwa vumbi jeupe toka nywele mpaka viatuni, kope nyeupe, wamenyamaza kwa uchovu. Bi Zuhura akanishika mkono.

"Shemeji, hawa wamefanya nini?"

"Wamefanya kazi tu."

"Kwenu watu hutoka kazini wameshazikwa?"

Mmoja wao akatabasamu, na meno yake yakawa ndiyo meusi. "Tumefukuliwa, mama," akasema. "Kesho tunarudi." Bi Zuhura akampa hamri la mwisho.

Tulipokaribia Njoro, Zablon akasema yeye ataendelea hadi Elburgon, alale kwangu, aje kesho. Mke wake hakubishana. Alimpa nazi zote kumi azibebe, akashuka mbele. Mtu mwenye nazi kumi mikononi hana budi kumfuata wa kumfungulia mlango.

Njoro

Mama alikuwa anakamua. Alimwona Zablon langoni, akamaliza kukamua. Aliinuka, akaweka ndoo juu ya jiwe ng'ombe asiipige teke, kisha ndipo akaja, akamshika uso kwa mikono yenye maziwa. Akamwona mwanamke aliyesimama nyuma, anatetemeka ndani ya koti langu.

"Na huyu?"

"Mke wangu, mama. Jina langu sasa ni Suleiman."

Mama akamtazama mumewe. Baba alikuwa mlangoni na kofia mkononi. Alisimama hapo mpaka mimi, ambaye nilikuwa sijakaa tangu Nakuru, nikaketi chini kwenye nyasi. Mwishowe akaingia ndani. Tukadhani amekwisha kusema. Akatoka na jogoo mkono mmoja na kisu mkono mwingine, akakipeleka kisu kwa Zablon.

"Mimi nikichinja, mkeo hatakula," akasema. "Chinja wewe."

Hayo yalikuwa maneno yake yote siku ile.

Lakini kesi yangu ilikuwa bado. Mzee Elisha alikuja kesho yake mchana, na akamsikiliza Zablon mpaka mwisho. Akatikisa kichwa.

"Umeoa huko. Hapa sijaona. Mke ambaye hajasonga ugali jikoni kwa mama mkwe bado ni mgeni. Asonge, nile. Nikila, njia ya mdogo wako iko wazi."

Nikamshukuru Mungu. Mpishi wa kwanza wa Malindi yote, na anaombwa ugali! Nilitaka kucheka.

Sikucheka muda mrefu. Jiko la mama nililijenga kwa mabanzi ya hapa kiwandani, na mabanzi yana nyufa, kwa hiyo niliona kila kitu. Ugali wa wageni kwetu ni wa wimbi na muhogo, mweusi, mgumu, wa kusimama wenyewe. Bi Zuhura amezoea sima nyeupe na makaa makavu. Hapa kuni zilikuwa mbichi, moshi ulimjaa machoni, mwiko ulikuwa mrefu kama kasia, na kila alipotia unga, chungu kilimeza kikabaki uji. Akatia maji. Akatia unga. Akakohoa. Mara nikamwona amesimama tu, mwiko mkononi, machozi yanashuka, na sikujua yapi ni ya moshi.

"Mama," akasema, "nimeshindwa."

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mboga. Akainuka. Akasimama nyuma yake, akaweka mikono yake juu ya mikono ya Bi Zuhura, akauzamisha mwiko mpaka chini, wakazungusha pamoja. "Usiukoroge," akasema. "Ukandamize. Ukandamize kama unamfinyanga aliyekudanganya kwamba nimekufa." Wakacheka, wawili wale, kwa ule mwiko mmoja, na chungu kikaanza kuitika.

Ugali ulifika mezani. Haukusimama vizuri, uliinama upande mmoja kidogo. Mzee Elisha aliutazama muda mrefu, kwa maana ametazama ugali wa mama miaka ishirini na anaujua kama anavyojua ng'ombe wake. Akamega tonge. Akatafuna. Kisha akamwuliza mama yangu, ambaye hata bei ya mayai hawezi kuidanganya:

"Huu ugali nani amesonga?"

Zablon akatazama chini. Mimi nikatazama mlango.

Mama alikuwa anamimina mchuzi. Hakuacha kumimina.

"Mke wa Zablon," akasema.

Mzee Elisha akachukua tonge la pili. Alikula bila haraka, kipande kwa kipande, mpaka upande ulioinama ukaisha. Chumba kilikuwa na joto. Sikuwa nimelala kitandani tangu Malindi, maana kile cha kwa mama walikilalia Zablon na mkewe. Nakumbuka harufu ya kuni mbichi, na sauti ya Bi Zuhura jikoni akiuliza wimbi hupandwa vipi, na baada ya hapo sikumbuki kitu, mpaka Zablon aliponifinya mkono.

"Festo, amka," akasema. "Unaozwa."